Alibeba Dirisha Sokoni

"Naomba njia jamani! Msiniguse, nimebeba dirisha!"

Mtaa wa vitambaa ulikuwa umefurika watu asubuhi ile. Wote waligeuka. Walimwona kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu, amenyoosha mikono mbele kama mtu aliyekumbatia pipa, na katikati ya mikono hiyo hapakuwa na kitu. Wakampisha upesi, kila mmoja akimvuta mwenzake, maana huwezi kujua mtu wa namna hiyo atafanya nini.

Aliyekosa kumpisha ni fundi cherehani mmoja, msichana mwembamba, mpole hadi wateja wake walizoea kuinama ili wamsikie. Alikuwa anatoka dukani na bunda la kitambaa cha maua lililomfunika uso. Akamvaa mzimamzima. Bunda likaenda huku, mikono ya kijana ikaenda kule.

"Dirisha langu!"

"Samahani kaka! Limevunjika?" Msichana akainama kutafuta vioo.

"Limepotea, dada. Nimetoka nalo nyumbani likiwa hivi." Akafungua mikono. "Au hivi. Aa, sasa hata silijui tena."

Msichana akaelewa. Kicheko kikamtoka kabla hajakizuia, kikubwa kuliko yeye mwenyewe.

"Kwa nini hukutumia tepu?"

"Yangu imemezwa na bomba la mteja. Mimi ni fundi bomba." Akatazama tepu ya manjano iliyoning'inia shingoni mwa msichana kama mkufu. "Wenzetu mnazivaa kabisa."

"Hilo dirisha la wapi?"

"La gari langu. Nalitafutia pazia."

"Gari lenye pazia? Linaolewa?"

"Litakuwa na pazia, lina kitanda, lina jiko, lina sinki. Bomba halivuji, hilo naapa. Mengine namwachia Mungu."

Msichana alipaswa kusema kwaheri, kama alivyozoea kuwaambia wanaume wote waliowahi kumsemesha. Badala yake akasikia sauti yake inasema, "Twende nikalipime, kabla hujapoteza na mlango."

*

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, zamani likisambaza mikate. Fundi bomba alikuwa amelipaka rangi ya krimu na kulitoboa madirisha kwa mkono wake, na kila dirisha lilitazama upande wake kidogo. Ndani bado kulinukia mkate wa moto. Ukikaa humo kidogo tu, njaa inakushika hata kama umetoka kula.

Pazia moja likazaa mawili, mawili yakazaa foronya, foronya zikazaa chai ya jioni. Kijana akamwita msichana Tepu. Msichana akamwita Dirisha. Na ramani ya pwani ikabandikwa ukutani juu ya sinki, kwa sababu safari ya pwani aliyoipanga Dirisha peke yake sasa ilikuwa ya wawili.

Barabara ya safari hiyo ilianzia bandarini na kufuata bahari mpaka kwenye rasi ya mwisho. Njiani kulikuwa na ngome, magofu ya miji ya kale, na minara ya taa. Tepu alileta pini zake za kushonea: zenye vichwa vyekundu za Dirisha, zenye vichwa vyeupe zake, kila mmoja achome mahali anapotaka kufika.

"Ngome nyingine tena?" alisema Tepu. "Dirisha wangu, mizinga si ni ileile tu?"

"Mpenzi, mzinga na mzinga ni vitu viwili tofauti."

"Kwa kuwa vyote ni mabomba, ndiyo maana unavipenda."

"Na wewe unapanda mnara wa taa kufanya nini?"

"Kutazama. Mimi bahari nimeiona kwa chini tu. Nataka niione nikiwa juu, nijue inaishia wapi."

Dirisha akang'oa pini nyekundu moja, akaweka nyeupe mahali pake. Tepu akajifanya anapiga pasi foronya iliyokwisha kupigwa pasi.

Aliyepinga safari ni mama yake Tepu, mama mfupi, mwenye sauti ya kufungua geti.

"Nyumba ni kitu kinachokaa," alisema. "Ikitembea, hiyo si nyumba, ni mzigo. Na mtoto wa mtu halali barabarani na mwanaume ambaye hata kuposa hajaposa."

"Kila mtu ana kitanda chake, Mama. Pazia nimeshona mwenyewe."

"Pazia si ukuta."

Na mama yule usingeweza kushindana. Hata tepu ilishindwa naye: tangu binti yake aanze kushona, hakukubali kupimwa hata mara moja. "Fuata gauni la zamani," alikuwa akisema. Akiletewa jipya, alijifungia chumbani, akafumua mishono ya ubavuni kimyakimya na kuitanua, kisha akatoka akilaumu viwanda. "Vitambaa vya siku hizi vinarudi sana."

*

Wiki ya kuondoka ilipokaribia, Tepu alikwenda mtaa wa magodoro kununua sponji. Alivaa gauni jipya la kijani alilojishonea kwa ajili ya safari. Akiwa na bunda lake kwapani, mbele yake, katikati ya umati, akasikia sauti anayoijua.

"Naomba njia! Msiniguse!"

Ni Dirisha, mikono mbele. Tepu akafurahi, akamsimamia njiani.

"Leo umebeba dirisha gani, mpenzi?"

Dirisha akashtuka kama mwizi wa kuku. "Si dirisha. Ni kiti."

"Kiti gani? Viti viwili viko tayari."

"Cha tatu."

"Cha nani?"

Hapo jasho likaanza kumtoka Dirisha. Tepu akaivua tepu shingoni, akaipitisha kati ya mikono yake. Akasoma. Akasoma tena. Kwa miaka yote ya kazi yake alikuwa amepima wanawake tu, na ule haukuwa upana wa kiti. Ulikuwa ni upana wa nyonga za mtu, pamoja na nafasi kidogo ya kupumulia.

"Hizi ni nyonga," akasema polepole.

"Tepu wangu..."

"Na si zangu. Za nani?"

"Siwezi kusema. Nimeapishwa."

"Umempima?"

"Kwa macho tu! Alikataa nimsogelee, nikapima nikiwa mlangoni!"

Jibu hilo halikusaidia. Tepu akaipiga mikono yake kwa bunda la sponji, kipimo kikatawanyika, naye akageuka na kuondoka. Alipita kwenye gari kuchukua mkasi wake. Na hapo kwenye ramani, penye chemchemi ya maji moto kando ya bahari, akaona pini ya kijani. Yeye hakuiweka. Dirisha hakuwa na pini za kijani. Kumbe mwenye nyonga alikuwa amekwisha kuchagua hata mahali pa kuoga!

Siku zilizofuata simu ililia mfululizo.

"Tepu, nisikilize..."

"Namba unayopiga haipatikani," alijibu Tepu.

"Mbona ni sauti yako?"

"Tafadhali jaribu tena mwaka ujao."

Akakata. Lakini baada ya kukata alikaa akiitazama simu, aone kama italia tena. Gauni la kijani lilining'inia mlangoni. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amewaambia wateja, kwa sauti ya kusikika, kwamba anafunga kazi anakwenda kutembea na mtu wake. Sasa angewaambia nini?

Mama yake alimwona hali chakula, hasemi. Akawa anapita jikoni na kurudi, anafunika sufuria ambazo tayari zimefunikwa.

"Mwanangu, kula basi. Yule kijana amekufanya nini?"

"Ana mwanamke mwingine, Mama."

Kifuniko kikaanguka. "Yule? Hana akili ya kuwa na wawili yule."

"Nimepima mwenyewe! Anamtengenezea kiti. Mwanamke mwenye nyonga kama mlango wa gereji!"

"Mlango wa gereji?" Mama akaweka mikono kiunoni. "Mlango wa gereji wapi! Ni nyonga za kawaida kabisa za mtu mzima aliyezaa!"

Bomba la sinki peke yake liliendelea kudondosha maji.

Mama akashusha mikono kutoka kiunoni, lakini alikuwa amechelewa.

"Mama."

"Sikujua angebeba mikononi kama chapati, watu wote waone."

"Mama! Ni wewe?"

"Nilikwenda kumkanya. Nikamwambia, ama umwoe mwanangu, ama na mimi nakaa katikati yenu njia nzima. Akaniambia, 'Karibu Mama, nitakutengenezea kiti.' Hata hakufikiri!" Mama akavuta stuli akakaa. "Kisha akanionyesha ile ramani. Kuna maji ya moto pale, yanafaa magoti. Nikamwambia nitakwenda, lakini ole wake vipimo vyangu vimfikie binti yangu. Nikasema, akikwambia, hanioni tena kama mkwe."

Tepu alitaka kukasirika. Alijaribu kweli. Lakini akamwona Dirisha akipima kwa macho kutoka mlangoni, kisha akipita mtaa mzima na nyonga za mama yake mikononi, akitukanwa na wapita njia, na bado hakusema. Akacheka mpaka akalishika jiko.

Akachukua simu.

"Halo?" Sauti ya Dirisha ilikuwa kama ya mtu aliyelala kwenye sponji bila kitanda.

"Namba uliyopiga sasa inapatikana."

*

Tepu na mama yake walimkuta Dirisha mbele ya gari, ovaroli imechafuka gundi. Alipowaona akanyoosha mikono mbele, akaja hivyohivyo, akisukuma kuku wa jirani kwa mguu.

"Umebeba nini tena?" Tepu aliuliza, macho chini, meno nje.

"Nafasi yako. Niliipima siku ile uliponigonga sokoni. Nimezunguka nayo tangu siku hiyo, naogopa mtu asiniguse nikaipoteza." Akaisogeza mikono karibu naye. "Ingia uone kama nimekosea. Kama inakutosha, nioe. Yaani, nikuoe. Tuoane, Tepu, kabla ya safari."

Tepu hakutumia tepu. Aliingia.

"Inabana kidogo," alisema akiwa humo ndani, uso umezama kwenye ovaroli. "Iache hivyohivyo."

Mama alikohoa. Wao hawakusikia. Akaamua kupanda garini peke yake, gari likainama upande mmoja, kisha likatulia. Baadaye Dirisha akachungulia ndani, uso unang'aa kwa furaha na gundi.

"Mama mkwe, mambo yamekwisha! Tunaoana. Sasa hakuna haja ya mtu kukaa katikati. Kiti nitakifanya kabati."

Mama alikuwa amekwisha kukaa. Kiti kilimkaa kama kimezaliwa naye, na magoti yake yalielekea moja kwa moja upande wa pini ya kijani. Akavuta mkanda, akaufunga, ukalia *kacha*.

"Ninyi oaneni," akasema. "Mimi nimekwisha kupimwa."