Mama Alipolishwa Sukari

Ndugu zangu, niwasimulie habari ya nyumba moja iliyojaa upendo, na upendo huohuo nusura uilize.

Asubuhi cherehani ilikuwa ikiimba sebuleni. Mama mwenyewe alikuwa fundi, majirani wakimwita Bi Pindo. Mwanawe mkubwa, mwokaji, alileta mikate ya moto. Binti yake kitinda mimba, mwalimu wa chekechea, alimimina chai. Raha tupu.

Kisha mteja akarudisha blauzi. Mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto! Walicheka mpaka machozi. Lakini Bi Pindo alipopotea njia ya kutoka sokoni, hakuna aliyecheka.

"Tumpeleke hospitali, kaka," alisema binti.

"Ya nini? Nimesikiliza kwenye simu. Ubongo wa msahaulifu una njaa ya sukari. Na sukari ninayo kwa magunia!"

"Aliyesema hivyo ni daktari?"

"Wewe waimbishe watoto. Mambo ya sukari niachie mimi."

Ikawa chai nzito kama asali, na keki kila saa. Bi Pindo alifurahi mno. "Leo nimejua nilizaa mtoto wa maana," alimtania binti yake.

Furaha haikudumu. Kiu ikamshika, choo hakikauki nyayo zake, na asubuhi moja wakamkuta ameinamia cherehani, akiitwa haitiki.

Hospitali walikuta sukari imejaa kwenye damu. Daktari, mama wa makamo, hakuwagombeza.

"Ulichosikia kina ukweli," alimwambia mwokaji. "Katika ugonjwa huu wa usahaulifu ubongo hushindwa kuitumia sukari kama zamani. Lakini sukari haijakosekana. Mkate uko mezani, mkono ndio haufiki mdomoni. Wewe ukazidi kujaza meza."

Mwokaji alilia kama mtoto. Sikumlaumu, wasomaji wangu. Nani hajawahi kukosea kwa kupenda?

Binti akauliza kwa sauti ndogo, "Bibi naye alisahau hivihivi. Na sisi je?"

"Kuna vinasaba vinavyoongeza uwezekano, na huenda mmevirithi. Uwezekano si hukumu, mwanangu. Tembeeni, laleni vya kutosha, pimeni presha na sukari. Msikae mlangoni kuungojea ugonjwa kama mgeni aliyeahidi kuja."

Bi Pindo alirudi nyumbani na nguvu zake. Usahaulifu haukuondoka, sitawadanganya. Ila sasa anakula kwa mpango, anatunzwa kwa zamu, na kila jioni mwanawe mwokaji humtembeza.

"Hivi wewe ni nani?" alimuuliza juzi.

"Mimi ni wako, mama."

"Basi nishike vizuri. Njia ina mashimo."

FUNZO

Tusiwatibu wazee wetu kwa maneno ya kuokota. Msahaulifu apelekwe kwa daktari mapema, wala ukoo wake usinyooshewe kidole kwa ajili ya vinasaba. Huenda akasahau majina yetu, lakini mkono unaomshika kwa upole bado anautambua.