Alichokijua Daktari wa Panya

Lifti ya hospitali ilikuwa imekufa tangu asubuhi, na ngazi zilijaa watu kama siku ya matokeo ya mitihani. Fundi cherehani mmoja, ndani ya gauni la zambarau alilojishonea mwenyewe, alikuwa akimpandisha mama yake ghorofa ya tatu, hatua kwa hatua. Kijana mwenye koti jeupe akateremka mbio. Wakagongana, mafaili yakatawanyika.

"Macho umeyaacha wapi, daktari?"

"Kwenye gauni lako," alijibu akiokota karatasi. "Halafu mimi si daktari wa watu. Ni wa panya."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Jina likamganda kijana: Daktari wa Panya.

Kumbe maabara yake ilikuwa ya utafiti ule ule wa dawa alioandikishwa mama, ambaye kumbukumbu zilikuwa zikimtoka kidogo kidogo. Simu zikaanza kati ya kijana na fundi, kila jioni.

"Hebu nieleze, hiyo dawa inafanyaje?"

"Ubongo una seli za ulinzi, laazizi. Askari wa zamu. Ndani yao mna jeni, na jeni zina swichi. Zikiwashwa hizi, askari anazoa taka na kulinda neva. Zikiwashwa zile, anapandwa na hasira, analeta uvimbe, anapiga mpaka wenye nyumba. Tunajaribu kuzima zile za hasira."

"Yaani kitambaa ni kimoja, tofauti ni mkato."

"Wewe ungekuwa profesa!"

"Na mama, anapata dawa kweli?"

Hilo ndilo lililokuwa likimnyima fundi usingizi. Nusu ya wagonjwa walichomwa dawa, nusu maji ya chumvi tu. Nani kapata nini, ilifungwa kwenye bahasha, kila mgonjwa na yake. Asijue mgonjwa wala mtafiti hadi miezi sita iishe. Ndipo wote wangepewa dawa.

"Hata mimi sijui, roho yangu. Naapa."

Akamwamini. Mapenzi yakanoga.

Mwezi wa nne wa utafiti, adhuhuri moja, mama alimtazama binti yake akamwita Kidoti, jina la utotoni. Fundi aliangusha mkasi, akapiga simu.

"Ameniita Kidoti! Dawa inafanya kazi!"

Kijana alifunga kwanza mlango wa maabara.

"Unanisikia?"

"Nakusikia. Mpenzi, usijipe matumaini makubwa. Siku nzuri huja zenyewe. Maji ya chumvi hayawezi..."

"Maji ya chumvi? Umejuaje?"

"Nilifungua bahasha yake. Wiki ile ile niliyokupenda. Nilishindwa kujizuia."

"Ukaapa hujui! Miezi minne unanipigia, 'umekula, umelala salama', huku unajua mama yangu anatobolewa mkono bure?"

Akakata.

Kesho yake kijana alikwenda kwa mkuu wake, akasema yote. Alidhani anajisafisha. Lakini sheria ya utafiti ilikuwa moja: mgonjwa ambaye bahasha yake imefunguliwa, anatolewa. Ijumaa muuguzi akapiga simu kwa sauti ya msiba: jina la mama limefutwa. Miezi sita ikiisha wenzake wangepata dawa, yeye hapana.

Jumamosi kijana alisimama mlangoni mwa duka la fundi, bila koti jeupe, shati halijapigwa pasi. Kazi hakuwa nayo tena.

"Ungefunga mdomo, mama angepata dawa?" fundi aliuliza bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Angepata."

"Basi sijui nikuchukie kwa uongo wako au kwa ukweli wako."

"Nichukie kwa vyote. Ila nipe kazi yoyote ya kumsaidia mama."

Fundi alimaliza mshono, akakata uzi.

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Yuko chumba cha nyuma. Mimi nina suti ya mteja, natakiwa kuimaliza leo. Kaa naye."

Mama alikuwa kitini, blanketi magotini. Akamkazia macho.

"We baba, ni nani?"

Kijana aligeuka kumtazama fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni. Hakumsaidia.

"Mimi ni mtu aliyemdanganya binti yako, mama. Na wewe nikakukosesha dawa."

Mama alifikiri. "Makubwa hayo. Haya, keti, usinisimamie kichwani."

Akaketi, machozi yakimlenga.

"Kesho atakuwa amekusahau," fundi alisema, akirudi kwenye kazi yake. "Atakuuliza tena wewe nani. Na utamjibu hivyo hivyo."

"Kesho nije saa ngapi?"

"Saa mbili. Usichelewe."