Mkazi wa Pili

Mambo haya yalimpata Araba Essilfie, mtoto wa mama yangu mdogo, hapa hapa Sisilia tunakohangaika. Asiyeamini asiamini. Mimi karatasi nimeishika kwa mkono wangu.

Ilikuwa Jumanne ya kawaida. Joto la Julai, maduka yamefungwa kwa mapumziko ya mchana, mtaa mzima unanukia nyanya za kuchemshwa. Araba alinipigia simu huku akicheka: amepata chumba, na mwenye nyumba amekubali kumwandikisha manispaa kuwa mkazi wa pale.

Hapo ndipo roho yangu ilipokataa. Miaka kumi na minne nipo nchi hii, sijaona mwenye nyumba anayekubali kukuandikisha bila kunung'unika. Lakini mwenye nyumba huyu, Bi Crocifissa, ajuza anayeishi ghorofa ya juu, alikubali kabla hata hajaombwa.

"Dada Mansa, kwako kila kizuri kina mtego," Araba akanitania. "Hata ukipewa wali kuku wa bure utauliza kuku alikufa kwa ugonjwa gani."

"Nitauliza. Na wewe uulize."

Hakuuliza. Bila kuandikishwa asingeweza kumleta bintiye, Baaba, mwenye miaka tisa. Bibi aliyekuwa akimlea kule kwetu Takoradi alizikwa Pasaka, na tangu hapo mtoto alikuwa akizungushwa nyumba hadi nyumba kama sufuria ya kuazima. Araba alikuwa halali kwa kumuwaza.

Utaratibu wa huku kila mgeni anaujua. Ukishajaza fomu, askari wa manispaa anakuja bila taarifa kuhakikisha unaishi pale kweli. Anatazama jina mlangoni, kitanda, nguo. Akikosa mtu, ombi linatupwa. Araba alikuwa akimhudumia mzee mmoja mgonjwa tangu asubuhi hadi saa nane mchana, kwa hiyo siku zangu za mapumziko nilikwenda kukaa chumbani kwake, nimweleze askari kwamba mwenyewe yuko kazini.

Siku moja basi lilichelewa. Nilifika saa saba. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo kama kawaida. Ndani, vikombe viwili vya kahawa vilikuwa mezani. Kimoja kilikuwa bado cha moto.

Bi Crocifissa akaita kutoka dirishani juu.

"Askari ameshaondoka, binti. Amepokewa vizuri."

"Amepokewa na nani?"

Akafunga dirisha.

Araba aliporudi alidhani ni mimi. Nilipokana, alitaka nimwonyeshe ufunguo wangu, nami nikamtaka aonyeshe wake. Kila mmoja alikuwa akimshuku mwenzake. Ufunguo tulikuwa nao wawili tu.

Wiki iliyofuata akaitwa ofisini, nikamsindikiza. Karani alikuwa mtu wa haraka, akasoma ripoti kama anayesoma bei za samaki. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mweusi, mtu mzima, mpole. Alimpa askari kahawa. Alimwonyesha vitanda viwili.

Chumba kile kina kitanda kimoja.

"Ametaja ukoo wake kuwa Essilfie, kama wako," karani akasema. "Amesema vyeti vyake atavileta yeye mwenyewe, baada ya mtoto kufika."

Mtoto. Kwenye fomu ile hakuna mtoto aliyetajwa.

"Haya, mama. Ni ndugu yako au si ndugu yako? Kama humjui nafuta ombi, unaanza upya, na polisi watataka kujua nani anaingia kwako."

Nikamminya Araba mkono. "Kataa," nikamnong'oneza kwa Kifante, lugha ya kwetu. "Araba, kataa."

"Na Baaba?"

Akamgeukia karani.

"Ni ndugu yangu."

Muhuri ukagongwa. Cheti kikatoka: kaya moja, watu wawili.

Baaba alifika mwaka uliofuata, mwezi wa kumi, kichwa kimenyolewa karibu na ngozi kama wanafunzi wote wa kwetu. Akapata shule. Akaanza kuwajibu wauza mboga kwa lugha yao. Wiki tatu zikapita bila tatizo, hata mimi nikaanza kujicheka.

Alhamisi moja nikapita saa nane na nusu. Jua linawaka. Araba ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini; tulikutana mlangoni, tukaingia pamoja. Baaba alikuwa ameketi sakafuni. Ametulia. Ameinamisha shingo, kama mtoto aliyekaa mbele ya magoti ya mtu.

Kichwani alikuwa na misuko. Mirefu, hadi mabegani.

"Nani kakusuka?" nikauliza.

"Mama mkubwa," akasema. "Yule ninayelala naye."

Nikapiga magoti. Nikashika msuko mmoja. Nywele za mtoto zilikuwa za urefu wa punje ya mchele. Zilizounganishwa nazo hazikuwa uzi. Hazikuwa rasta za dukani. Zilikuwa nywele za mtu. Nyeupe. Kila moja na mzizi wake.

Nikaanza kufumua. Araba akanidaka mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Usifumue," akaninong'oneza. "Yule ndugu akikasirika je, akaenda ofisini kusema hanijui?"

Nikauachia ule msuko. Ulikuwa na uvuguvugu, kama umetoka mkononi mwa mtu sasa hivi.