Kigingi Kilichohamishwa

Jirani zangu, na ninyi madereva mnaopanda mlima huu mkidhani ni barabara kama barabara nyingine, nawaandikia nikiwa nimekaa mlangoni pangu, pale pale mnaponiona kila mnapopita. Mimi si msomi. Shule yangu ni ya msingi tu. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu mawili, na mengine niliyasikia kwa masikio yangu, na Mungu ananitazama ninapoyaandika.

Nyumba ya dereva tuliyemwita Mwewe iko chini ya kwangu, ua kwa ua. Asubuhi ninayoanzia, kulikuwa na utulivu hata ukasahau kwamba dunia ina shida. Mke wake, fundi cherehani, alikuwa barazani anashona sare za shule. Kitindamimba wao, binti wa miaka mitano, alikuwa amekaa chini ya cherehani akiokota nyuzi zilizoanguka. Mchezo wake wa kila siku ulikuwa kumfunga mama yake uzi kwenye kidole gumba cha mguu, leo wa bluu, kesho wa manjano.

"Mama, usitikise mguu, nakuvisha pete."

"Nisipotikisa mguu cherehani itakwenda na nini? Na mdomo wako?"

Mtoto akacheka mpaka akajigonga kichwa kwenye chuma cha pedali, na badala ya kulia akazidi kucheka. Mwewe alikuwa anaosha gari lake la mizigo, anapiga mbinja. Nikawaambia, "Mungu awalinde." Nilisema kwa moyo mweupe kabisa.

Sasa niwaeleze habari ya kona, maana si wote mnaoijua ilivyokuwa. Mvua za mwaka juzi mlima ulimeguka, ukachukua nusu ya barabara yetu na kuitupa bondeni. Ikabaki njia moja nyembamba, upana wa gari na kidogo, ukuta wa mlima mkono mmoja na genge mkono wa pili. Na katikati ya hiyo njia iliyobaki kukatokea ufa, urefu wa nyumba tatu.

Marehemu mume wangu alifanya kazi ya barabara miaka ishirini, ya sururu na koleo. Aliutupia ule ufa jicho, akaja nyumbani. Kesho yake akachukua nondo mbili fupi, akazigongomea ardhini, moja upande wa mlima, moja upande wa genge, ufa ukiwa katikati. Akakata fimbo yenye urefu uleule kutoka nondo hadi nondo. Akatuambia, "Hivi ndivyo vigingi vyetu. Kila asubuhi mtapima. Nafasi ikizidi fimbo kwa vidole viwili, ardhi inaondoka. Pandisheni kitambaa chekundu, gari lolote lisipite. Isipozidi, cheupe. Na hata kikiwa cheupe, abiria washuke watembee, apite dereva peke yake."

Alipofariki, kazi ile ikaniangukia mimi. Vidole vyangu ni vyembamba, kwa hiyo mimi napima vitatu. Kila alfajiri nikimaliza sala nachukua fimbo, nakwenda.

Kitambaa kikiwa chekundu tulikuwa na utaratibu wetu wa kupokezana. Gari la huku linasimama huku, gari la kule linasimama kule, na mizigo inavushwa kwa vichwa, hatua mia mbili. Ni kazi ya kuchosha, nakubali. Kabeji hazina huruma na shingo ya mtu.

Siku mbili baada ya ile asubuhi ya utulivu, nafasi ilizidi kwa vidole vinne. Nikapandisha chekundu. Mwewe akaja na gari limejaa kabeji, akashuka, akaegemea mlango.

"Bi Mkubwa, leo tena?"

"Leo tena, mwanangu."

"Hivi unajua kule sokoni wananiitaje siku hizi? Kuku. Mwewe amegeuka kuku, anatembea chini." Wapagazi wakacheka. Yeye hakucheka. "Mzee alituachia mahakama ya vijiti, na wewe ndiye hakimu. Mlima mzima unaongozwa na ufito!"

"Ufito haujamuua mtu," nikamjibu.

"Na mimi sijamuua mtu! Miaka kumi na miwili sijakanyaga hata bata."

Hilo lilikuwa kweli. Mwewe alikuwa dereva hasa. Aliwahi kubeba wagonjwa wetu kwenye mvua bila kudai chochote. Msije mkadhani nawaandikia habari za mtu mbaya. Alikuwa mtu mzuri asiyependa kungojeshwa, basi. Watu wa namna hiyo tunao wengi, na huwa tunawasifu.

Kitambaa kikakaa chekundu siku ya pili na ya tatu. Shingo za watu zikavimba, wapagazi wakaanza kunuka hasira, wanawake wakawa wananiangalia kisimani kana kwamba ufa nimeuchimba mimi. Nami nikapiga magoti. Nikaomba siku tatu, "Ee Mungu, ufunge ule ufa. Wahurumie watu wako."

Asubuhi ya nne nikaenda na fimbo. Nikailaza. Ikaingia barabara, nondo kwa nondo, hata kidole kimoja hakikuzidi.

Nikapima tena. Ileile.

Jamani, nisiwafiche. Ardhi iliyofunguka haijifungi. Hilo nimeishi nalo, nimelala nalo kitanda kimoja miaka ishirini, mume wangu alilisema mpaka kwenye usingizi. Nikainama, nikaona kichwa cha nondo ya upande wa genge kinang'aa kama sarafu mpya, ilhali mwenzake ana kutu. Nikaona jiwe bapa limekaa karibu yake, ambalo jana halikuwepo. Nikaona. Lakini nilikuwa nimeomba siku tatu! Nikajiambia, wewe mwanamke, Mungu akikujibu unataka na risiti? Nikalionea aibu shaka langu kama mtu aliyefumaniwa. Nikapandisha kitambaa cheupe, nikalia machozi ya shukrani.

Mwewe akapita wa kwanza, honi juu. Nikamsimamisha.

"Mwanangu, kile kigingi cha chini mbona kinang'aa kichwa?"

Akakiangalia, kisha akaniangalia. "Ng'ombe wamejikuna hapo, Bi Mkubwa. Au ni malaika wako wamekipiga msasa."

Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao. Na kile kicheko changu ndicho kinachoniamsha mpaka leo.

Siku mbili magari yakapita. Siku ya tatu, Mwewe alivuka mapema kwenda sokoni. Baadaye alikiri kwamba gurudumu la nyuma lilizama kidogo pale kwenye kona, kama mtu anavyokanyaga godoro, akaongeza mafuta akatoka. Hakurudi kutuambia. Saa tatu ikaanza mvua ya manyunyu. Saa nne, mtoto wake, yule kitindamimba, akawa anachemka homa, macho yamelegea. Mama yake akamwita shemeji yake, mdogo wake Mwewe, ambaye naye ni dereva, ana gari dogo. Zahanati iko ng'ambo.

Walipofika kwenye kona nilikuwa nimesimama pale na mwavuli. Mdogo mtu akateremsha kioo.

"Shikamoo mama. Kipimo kinasemaje?"

"Marahaba. Kinasema sawa." Nilikuwa nimepima mara mbili asubuhi ile. Kilisema sawa.

"Shemeji, shuka basi utembee, kama kawaida," akamwambia mke wa Mwewe.

Yule mama alikuwa kiti cha nyuma, mtoto amelala mapajani, amefunikwa kanga mbili. "Shemeji, nikimtoa kwenye mvua hii si ndiyo nammalizia? Kipimo si kinasema sawa?" Akanigeukia mimi. "Si ndiyo, mama?"

"Ndiyo, mwanangu."

Hapo simu ya mdogo mtu ikalia. Alikuwa ameiweka mbele, kwa sauti ya wazi. Ni Mwewe.

"Mko wapi? Nimeambiwa mtoto anaumwa."

"Tuko kwenye kona, kaka, ndio tunavuka."

"Msivuke!" Alipiga kelele mpaka mtoto akashtuka. "Msivuke hapo! Subirini, nakuja upande wa huku, mtamvusha mikononi."

"Kwa nini? Bi Mkubwa mwenyewe yupo hapa, kapima, sawa kabisa. Kuna nini?"

Ndugu zangu, nilisikia pumzi yake. Nilisikia mlio wa watu wa sokoni nyuma yake, wanachekeana mambo yao. Kulikuwa na maneno mawili tu ya kusema. Nimehamisha kigingi. Angeyasema, na aibu yake yote isingezidi juma moja.

"Kaka? Upo?"

"Nipo. Aa... ni mvua tu. Basi piteni. Taratibu lakini. Bana upande wa mlima."

Na mimi? Nilisimama hatua mbili kutoka dirishani. Nilisikia ile pumzi. Kile kigingi chenye kichwa kinachong'aa kikanijia mbele ya macho kama mtu anayenivuta mkono. Ningeweza kusema, "Shukeni wote, roho yangu haijatulia." Lakini nikafikiri, nitamwaibishaje mtu mbele ya mkewe kwa jambo nisilo na hakika nalo? Nitaonekana mchonganishi. Nikafunga mdomo, nikasogea pembeni, nikawapungia mkono wapite.

Gari lilifika katikati. Sikusikia kishindo. Nilisikia sauti kama kitambaa kinachochanwa, kile kitambaa kizito cha sare. Njia ikainama upande wa genge, polepole, na gari likainama nayo kwa adabu kama mtu anayekaa chini. Mlango wa dereva ukafunguka, mdogo mtu akaanguka nje, akashika mzizi. Mlango wa nyuma haukufunguka. Niliuona mkono wa mama yake yule mtoto ukipiga kioo. Haukupiga mara tatu. Kisha mlima ukashuka juu yao wote.

Mwewe alifika upande wa pili wakati mawe na matope bado yanatembea. Alisimama pale, hatua mia mbili kutoka kwetu, na hapakuwa tena na hatua hata moja ya kukanyaga. Akalia neno moja, tukalisikia wote mpaka chini.

"Ni mimi! Ni mimi niliyehamisha!"

Alisema sasa.

Tulichimba siku mbili kwa makoleo na kwa mikono. Mdogo mtu alipona, lakini mguu wa kulia alikatwa juu ya goti. Mtoto alipatikana ndani ya kanga zake, hana hata mkwaruzo, amelala usingizi wa mwisho. Mama yake alikuwa mbali na gari na hakuwa na sura ya kutambulika. Wanaume wakasema, "Tutajuaje kama ni yeye, maana mlima huu umeshameza na wengine?" Nikamwosha mguu kwa maji ya kopo. Kidole gumba kilikuwa na uzi mwekundu, umefungwa fundo la kitoto, la kuzungusha zungusha.

Mtoto alikuwa na homa, na bado alikuwa amemvisha mama yake pete.

Watoto wakubwa wa Mwewe walichukuliwa na bibi yao mzaa mama, na ameapa baba yao hatawaona. Mdogo wake hasemi naye. Akimwona anageuza kiti chake ukutani. Gari la mizigo limekaa uani, majani yamepanda mpaka madirishani. Cherehani bado ipo barazani, sindano imekwama katikati ya mshono wa sare, na hakuna anayethubutu kuugusa.

Kila asubuhi, nikirudi kutoka kupima njia mpya tuliyochonga juu zaidi mlimani, Mwewe ananingoja kwenye lango lake, nywele zimevurugika.

"Kinasemaje leo, Bi Mkubwa?"

Namwambia kinavyosema. Anatikisa kichwa, anarudi ndani. Hajawahi kuniuliza jambo lingine lolote.

MAFUNZO YA HADITHI HII

Kwanza nasema na madereva. Barabara iliyowahi kumeguka si barabara, ni mgonjwa. Mkiambiwa shukeni mtembee, shukeni, hata kama mvua inawalowesha na kabeji zinawavunja shingo. Alama ya hatari haikuwekwa kuwakomoa, na anayeing'oa ili apite yeye leo hajui nani atapita kesho. Mwewe alidhani anaudanganya ufito wa bibi kizee. Alimdanganya mke wake.

Pili nasema na wacha Mungu wenzangu, nikianza na mimi mwenyewe. Ombeni, msiache. Lakini Mungu aliyetupa magoti ametupa na macho. Nilipoona nondo inang'aa, pale ndipo aliponijibu, nami nikalifukuza jibu lake kwa kuwa halikuwa lile nililotaka.

La mwisho ni la wote. Ukiwa umekosea, sema. Ukiwa na shaka, sema. Utachekwa, utatukanwa, utaitwa kuku au mchonganishi. Vumilia. Sema wakati gari bado liko upande wa huku.