Oili ya Landrova la Mzee Kibwana

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Chausiku alifungua boneti ya Landrova la baba yake. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu. Lilikwisha kula maili elfu tisini kwenye shamba la mkonge kabla Mzee Kibwana hajalinunua, na sasa kila Jumamosi lilivuta tela la nazi na chumvi kutoka Kaole mpaka Chalinze, malori ya bara yanakosimama.

"Gari la kuvuta mzigo halitaki mwenyewe mvivu," Mzee Kibwana alizoea kusema. Grisi alitia mwenyewe, breki alikaza mwenyewe, na oili alibadilisha mwenyewe, kalala chali juu ya gunia chini ya gari. Chausiku, mwenye miaka kumi na miwili, alipewa kazi moja: kupima oili. Achomoe kijiti, akipanguse kwa kitambaa, akirudishe, akichomoe tena, atazame alama.

"Ikipungua uniambie mimi," baba alimwonya. "Usitie kitu."

Wiki ile betri ilikuwa imechoka. Basi gari likawa linalazwa kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba, pua chini, ili asubuhi liachiwe literemke, liwake.

Jumatatu, kijiti kilitoka na oili chini kabisa ya alama. Chausiku alishangaa. Juzi tu baba alitia oili mpya, naye akishuhudia. Akainama kutazama chini ya gari: mchanga mkavu, hakuna hata tone. Kama haikuvuja, imekwenda wapi?

Alipoinuka alimwona Msabaha, utingo wa baba yake, ambaye kazi yake ilikuwa kupakia mizigo na kufunga tela. Alikuwa akitoka uani na kopo mkononi, kalifunika kwa jani la mgomba.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unanikodolea macho kama mtu wa forodhani?"

"Umebeba nini, ami?"

"Dawa ya nyumba yangu," Msabaha alicheka, akapita zake.

Dawa gani inanuka oili? Chausiku alijiuliza. Toka hapo kila alichofanya Msabaha kilimtia shaka. Akiosha mikono, anaficha ushahidi. Akipiga mluzi, anajitia hana neno.

Chausiku hakumwambia baba. Alitaka amnase mwizi yeye mwenyewe. Akachota kikombe kimoja cha oili kwenye debe, akakitia kwenye injini. Jumanne akapima: bado iko chini. Akatia kikombe cha pili. Jumatano vilevile, akatia viwili kwa mpigo. "Ninachotia asubuhi, yeye anakitoa jioni," alijisemea, na moyo ukamchemka.

Jioni ile kisimani alishindwa kujizuia. "Tatu," alimnong'oneza shoga yake, "Ami Msabaha anatuibia oili."

"Wee! Msabaha huyuhuyu anayeadhini?"

"Huyuhuyu. Nimemwona na kopo."

"Makubwa!" Tatu alisema, na ndoo yake haikuwa imejaa wenziwe wote walipokwisha kusikia.

Alhamisi mchana Landrova lilirudi kutoka mjini likitoa moshi wa buluu, oili inachuruzika chini ya injini. Mzee Kibwana alilisimamisha uwanjani mbele ya nyumba, uso umemshuka. Keshokutwa ndiyo Jumamosi, na nazi za watu zilikuwa zinangoja safari.

Msabaha alishuka upande wa pili, lakini hakugusa boneti. Aliweka spana chini polepole. "Kaka Kibwana, mimi nimefika mwisho. Huko mjini naambiwa mimi ni mwizi wa oili yako, na neno limetoka nyumbani kwako. Tafuta mtu mwingine wa kufunga tela." Akaondoka bila kugeuka nyuma.

Mzee Kibwana alimtazama mpaka akapotea, kisha akachomoa kijiti. Hapo uwanjani palikuwa tambarare. Oili ilikuwa imepanda juu ya alama vidole viwili.

"Haijaibiwa," alisema. "Imezidi, ndiyo maana inafuka na kuchuruzika. Nani ametia?"

Chausiku angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona. Lakini alikumbuka jinsi Msabaha alivyoiweka ile spana.

"Mimi, baba. Vikombe vinne. Na kisimani ni mimi niliyesema, kwa kuwa nilimwona ami na kopo la oili kalifunika kwa jani."

Baba yake alishusha pumzi. "Hapa na mimi nimekosa, sikukufunza kwamba oili hupimwa gari likiwa mahali tambarare. Likiinamisha pua, oili hukimbilia mbele, kijiti hakiipati. Lakini lile kopo nilimpa mimi. Ile ni oili chafu tuliyoimwaga. Anapaka nguzo za nyumba zisiliwe na mchwa. Ungemwambia afunue lile jani, ungeona ni nyeusi kama masizi, na yetu mpya ina rangi ya asali."

Chausiku alimkuta Msabaha kwake, anapaka nguzo ya barazani kwa kitambaa. Alipiga magoti. "Nisamehe, ami. Nilikudhania vibaya."

Msabaha aliendelea kupaka. "Hayo unaniambia mimi. Na kisimani je?"

"Kisimani bado."

"Basi nenda huko kwanza."

Alikwenda. Wasichana walimcheka, Tatu akamwita karani wa uongo, lakini alisema yote, tena kwa sauti: oili haikuibwa, kosa ni langu. Kesho yake akarudi kwa wale ambao hawakuwapo, akarudia nyumba kwa nyumba mpaka jua likachwa.

Jumamosi asubuhi tela lilikuwa limepakiwa, na Mzee Kibwana anahangaika nalo peke yake. Msabaha akatokea, akasema "Sogea, kaka, utavunjika mgongo," akalifunga tela kwa mkono mmoja.

Kabla ya kupanda gari, Mzee Kibwana alimwita bintiye. "Oili iliyozidi niliimwaga kwa robo saa, injini ikapona. Neno lako limekuchukua siku mbili kulifuata, na sijui kama umelifikia lote. Dhana nyingine ni dhambi, umefunzwa chuoni kwenye Kurani. Ukimshuku mtu, muulize yeye kabla hujawaambia watu."

"Naam, baba," alisema Chausiku, akasimama njiani mpaka vumbi la tela likatua.