Sibonyezi Mpaka Niijaribu

Zainabu na mumewe, Msabaha, walikuwa wakinunua midoli na vifaa vya shule kwa jumla Yide Lu, mtaa wa maduka mjini Guangzhou, China, na kuvituma Dar es Salaam. Utaratibu wao ulikuwa ule ule. Unachagua sampuli, unalipa, unatoa anwani ya ghala la kago, yaani la wasafirishaji wa mizigo. Katoni zinatoka dukani mpaka ghalani, na kutoka hapo mpaka bandari ya Nansha. Wao hawakuzifungua. Nani ana muda wa kufungua katoni Guangzhou?

Mchana mmoja binti yao, Shamsia, alipiga simu kutoka Dar. Alikuwa chuoni, akisomea kuchora ramani za nyumba.

"Mama, muhula ujao michoro yote ni ya kompyuta. Mwalimu amesema asiye na laptop ahamie kozi nyingine. Mimi nachorea kwenye simu. Nikichora sebule, jiko halionekani."

"Basi ahame," Msabaha alisema simu ilipokatwa. "Laptop mpya hatuiwezi sasa. Kozi ziko nyingi."

"Hahami," Zainabu alijibu. "Tumejaza makontena kwa watoto wa wenzetu, halafu wa kwetu akose chombo cha kusomea? Hahami, baba Shamsia!"

Mwanamke huyu akisema hapana, hata malaoban, yaani mabosi wa maduka ya Yide Lu, huweka kikokotoo chini.

Akaingia kwenye soko la mtandaoni la vitu vilivyotumika. Akaona laptop inayong'aa, bei ya chini kuliko zote. Muuzaji akamwandikia upesi, na simu ikatafsiri: "Dada, tutoke humu sokoni. Nilipe moja kwa moja, nikupunguzie. Nipe anwani ya ghala, naituma leo."

"Huyo ndiye laoban!" Msabaha alifurahi. "Punguzo, na mzigo mpaka kago. Lipa, mama Shamsia."

Zainabu alikuwa anataka kulipa mlango ulipogongwa. Ni Careen, jirani wa ghorofa ya juu, mwanafunzi wa kompyuta kutoka Moshi. Alikuja kurudisha bakuli.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone bahati yangu."

Careen alisoma, akatikisa kichwa.

"Mama, usilipe. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukilipia ndani ya soko, pesa haziendi kwa muuzaji papo hapo. Soko linazishika mpaka ubonyeze kwamba umepokea na umeridhika. Ukimlipa nje, nani atazishika? Akizima simu, utamlalamikia nani?"

"Mbona Yide Lu tunalipa hivyo kila siku?" Msabaha alibisha.

"Baba, Yide Lu unalijua duka. Ukidhulumiwa, unakwenda kugonga mlango. Huyu mlango wake uko wapi?"

Msabaha alikuna kidevu.

"Na isiende kago," Careen aliendelea. "Siku zikipita hujalalamika, soko linahesabu umeridhika, na pesa zinaachiwa. Nyinyi mtaifungua Dar, mmeshachelewa."

Zainabu alikasirika. Miaka yote hiyo ya biashara, na alikuwa karibu kuuziwa mbuzi kwenye gunia! Akamwandikia muuzaji neno ambalo wageni wa mji huu hujifunza mapema: "Bu yao." Sitaki.

Wakatafuta upya, Careen akielekeza. Watafute laptop zilizotumika maofisini. Hazina urembo, lakini nyingi ni imara na bei yake ni nafuu. Wasome maoni ya wanunuzi waliotangulia. Bei ikiwa chini mno kuliko za wengine, wajiulize kwa nini. Waombe video laptop ikiwa imewashwa, na waulize kama inaweza kurudishwa.

Wakapata moja. Zainabu akalipia ndani ya soko, mzigo ukaja nyumbani. Msabaha alirekodi video tangu boksi likiwa bado limefungwa. Laptop iliwaka vizuri, kisha ikadai neno la siri la kampuni wasiyoijua.

"Mei wenti, hakuna tatizo," muuzaji aliandika. "Bonyeza kwanza kwamba umeridhika, ndipo nikupe neno la siri."

"Tubonyeze tu, mama Shamsia," Msabaha alisema. "Kontena linafungwa kesho."

"Lifungwe! Sijaridhika, niseme nimeridhika? Sibonyezi mpaka niijaribu."

Careen aliitwa tena. "Umefanya vizuri, mama. Hata ukipewa neno la siri, kampuni yenye laptop inaweza kuifunga tena. Pengine imeibwa. Omba kuirudisha, humo humo sokoni, na uweke ile video."

Muuzaji akawa mkali. Akamwita mgeni msumbufu.

"Mgeni ndiyo," Zainabu aliandika. "Mjinga hapana."

Soko likaangalia video. Laptop ikarudi kwa muuzaji, na pesa zikarudi kwa Zainabu. Msabaha aliangalia salio mara mbili, akaenda kuchemsha chai bila kuombwa.

Laptop iliyofuata ilikuwa na mchubuko kwenye kifuniko. Muuzaji alikuwa ameuonyesha mwenyewe kwenye picha. Zainabu alibonyeza kila kitufe. Alijaribu kamera, spika na intaneti. Alichomoa chaja, akaiacha itumie betri huku akipika. Mchuzi uliiva, laptop bado inawaka. Careen alifuta vyote vilivyokuwamo, akaiwekea mfumo mpya. Hapo ndipo Zainabu alipobonyeza.

"Sasa nimeridhika," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

Kontena lilikuwa limeshaondoka, na hakulijali. Abubakary, mfanyabiashara mwenzao, alikuwa anarudi Dar kwa ndege. Aliibeba kwenye begi la mkononi, maana laptop na betri yake haifai kutupwa kwenye mizigo inayowekwa chini ya ndege.

Siku hizi Msabaha anafungua katoni Yide Lu kabla ya kulipa. Malaoban wananuna. Anawaacha wanune.

Muhula ulipoanza, ujumbe wa Shamsia uliingia pamoja na mchoro wa nyumba nzima, sebule na jiko vikionekana. Zainabu aliusoma kwa sauti ili mumewe asikie:

"Mama, mwalimu ameniuliza nahamia kozi gani. Nimeiweka laptop mezani, nikaiwasha. Nimemwambia, sihami."