Nesi Asiyegusa Mtu

Zahanati ile ilikuwa na vyumba vitatu, na asubuhi hiyo watu walikuwa wamepanga foleni kwenye cha nne.

Mama Kichanga, kama majirani walivyomwita tangu ajifungue, aliliona jambo hilo akiwa bado mlangoni, mtoto mgongoni, akalipita. Yeye alikuja kupima uzito wa mtoto tu. Lakini pale kulikuwa na utaratibu: ukija na kikohozi, ukija na mtoto, hata ukija kuomba maji ya kunywa, nesi lazima akuulize kama utapimwa na mengine, presha, sukari, matiti, ili ugonjwa ukamatwe kabla haujaota meno. Utaratibu mzuri. Ubaya ni kwamba walimkabidhi Msumari.

Msumari ndilo jina walilompachika nesi huyo, na hawakumsingizia.

"Wewe unayenyonyesha! Una uvimbe kwenye titi? Ingia nikushike. Unaona haya gani, kwani huyo mtoto umemwokota?"

Korido nzima ikacheka. Mama Kichanga akajifunika mtandio. Uvimbe ulikuwepo, chini ya titi la kushoto, mgumu kama punje ya harage, na hakuwa amemwambia mtu, hata mumewe.

"Sina kitu," akasema.

"Haya, kaa nacho hicho kisicho kitu."

Wifi yake, aliyekuwa amemleta mama mkwe kwa sababu ya kichwa kisichoacha kuuma, akamvuta mkono. "Achana na mdomo huo. Njoo kule mwisho, kuna nesi mpya, mpole, asali tupu. Hakuvui nguo, hakuchomi kidole. Hagusi mtu. Anakutazama tu."

"Akinitazama tu atajuaje?"

"Ndio utaalamu huo. Kwani wewe umesomea udaktari?"

Chumba kilikuwa kidogo, hakina kitanda, hakina mizani, kina madekio yaliyoegemezwa pembeni. Nesi Mpole alisimama ukutani, koti jeupe halina hata kunjo, mikono yote miwili ndani ya mifuko. Palinuka utamu mzito, kama maembe yaliyosahauliwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mtoto aliyekuwa akichezea kola ya mama yake akaacha, akaganda.

"Uko salama, mama," Nesi Mpole akamwambia mama mkwe. Kisha akamgeukia Mama Kichanga, macho yakashuka mpaka kwenye titi la kushoto, yakatulia pale kama mgeni aliyeonyeshwa kiti. "Na wewe uko salama. Kanyonyeshe."

Mama Kichanga alitoka mwepesi kama unyoya! Na si yeye peke yake. Watu wazima, wenye meno yao kinywani, walitoka mle wakipongezana kama waliofaulu mtihani ambao hakuna aliyeufanya. Mwenye macho ya manjano alikuwa salama. Mwenye kidonda kisichofunga mwaka mzima alikuwa salama. Mtaa mzima ghafla haukuwa na mgonjwa hata mmoja, na hakuna kichwa kilichojiuliza imekuwaje. Wakubwa nao! Mkuu wa zahanati alidhani nesi huyo ameletwa na makao makuu, Msumari alidhani ameletwa na mkuu, na kwa kuwa foleni ilipungua, nani ajisumbue kuuliza?

Wiki haikuisha mama mkwe akaanguka jikoni. Mdomo ukaenda upande, mkono na mguu vikafa. Hospitali wakasema ni presha, tena ya siku nyingi, wakamtibu walivyoweza, wakamrudisha nyumbani akiwa wa kulazwa na kugeuzwa.

"Lakini aliambiwa yuko salama," wifi akawa anarudia, kana kwamba ugonjwa ndio uliovunja ahadi.

Mchana mmoja wa jua kali, Mama Kichanga akampelekea mgonjwa uji. Harufu ilimpokea kabla hajafika mlangoni, ile ile, tamu, nzito, ikamkaa kooni, na akajua kwamba hapaswi kusukuma mlango, akausukuma, na pale kitandani alikuwa ameinama Nesi Mpole, mikono bado mifukoni, shingo imevutika kuliko shingo inavyostahili kuvutika, pua ikipita taratibu kutoka utosini mwa bibi kwenda kifuani kwenda miguuni na kurudi tena, akivuta pumzi ndefu huku amefumba macho, kama mpishi aliyefunua sufuria kunusa kama chakula kimeiva.

"Bado kidogo," alijiambia.

Kisha, bila mabega kusogea, uso ukageuka.

"Usiogope, mwanangu. Wewe bado kabisa." Macho yakashuka kwenye titi. "Wewe nimekuweka akiba."

Bakuli likaanguka. Alipoinua macho hakukuwa na mtu, ila bibi, na jicho lake moja lililo hai likichuruzika machozi. Jua halikuzama akakata roho.

Baada ya mazishi Mama Kichanga alimvuta wifi nyuma ya nyumba.

"Wifi, lilikuja. Lilikuwa linamnusa mama."

"Shh! Nani?"

"Yule wa chumba cha mwisho. Si mtu yule."

Wifi akatazama huku na huku. "Hata mimi nilisikia harufu," akanong'ona. "Lakini, wifi... mimi aliniambia niko salama." Akaondoka haraka, asiambiwe zaidi.

Usingizi ukamkimbia Mama Kichanga. Akimnyonyesha mtoto upande wa kushoto alihisi kuna wawili wanaosubiri kushiba. Kwenda kwa Msumari aliogopa, maana akishikwa, ile punje itakuwa kweli, na ikiwa kweli mtoto huyu atalelewa na nani? Kutokwenda aliogopa zaidi. Kulipokucha akaenda.

Mlango wa mwisho ulikuwa wazi, foleni imefika nje.

"Karibu, mama," ile sauti laini ikamwita juu ya vichwa vya watu. "Njoo nikutazame tena."

Hapo ndipo, katikati ya hofu yote ile, kikampanda kitu ambacho hakukitegemea. Dharau. Aliogopa nini hasa? Simba? Hili lilikuwa inzi tu, inzi la kusubiri kitu kioze.

"Jini gani wewe?" akasema. "Wenzako katika hadithi wanang'oa milima. Wewe unamvizia bibi kizee apooze ndipo upate cha kulamba! Kama niko salama, toa mkono unishike hapa, mbele ya watu."

"We dada, una wazimu?" foleni ikamfokea. "Mheshimu nesi!"

"Sina haja ya kukushika."

"Huna haja, au huna mkono?"

Akaukamata ule mkono wa koti, akauvuta kutoka mfukoni, ukaja mtupu, akavuta, ukazidi kuja, mrefu, mtupu, ukimwaga uvundo ambao sasa haukuwa na utamu wowote, mpaka watu wakaziba pua na mzee mmoja akatapika, na juu kabisa ule uso ukachungulia mara ya mwisho umekunjamana kwa chuki, ukanywea ndani ya kola. Koti likaanguka juu ya madekio. Stoo. Chumba kilikuwa stoo siku zote.

Yule mzee akajifuta mdomo.

"Sasa umepata faida gani? Sisi tutapimwa na nani?"

"Roho mbaya tu," mwingine akadakia. "Ametufukuzia nesi wetu."

Mama Kichanga akawaacha, akaingia kwa Msumari, akavua. Vidole vya Msumari vilikuwa vya baridi na vikavu, na viliikuta ile punje mara moja. Safari hii hakutania.

"Tangu lini?"

"Tangu nijifungue."

"Kesho hospitali kubwa, wakatoe kipande wakipime. Usiseme keshokutwa."

"Nesi... niko salama?"

"Sijui," Msumari akasema. "Na hapa hakuna anayejua. Funga nguo."

Neno hilo lilimchoma, lakini halikunuka. Akatoka kwa mlango wa nyuma ili asipite katikati ya matusi, mtoto kifuani. Nyuma ya tangi la maji watu walikuwa wameketi chini, mstari mmoja mrefu, nyuso wamezielekeza ukutani, na mmoja mmoja aliinuka akitabasamu. Wifi alikuwa katikati yao. Alipomwona, akakunja miguu kumpa nafasi.

"Njoo, wifi," akanong'ona kwa furaha. "Amehamia huku."